Sura ya Saba: Paja la Mateka

Mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote mwilini, na ndio mgumu kuvunjika. Fundi wa Tenochtitlan aliyeletewa mmoja ungali mbichi alikuwa na kazi kubwa mbele yake. Kwanza nyama na kano zilikwanguliwa kwa kisu cha obsidiani, kioo cheusi cha volkano kinachokata kuliko wembe. Ile bora, yenye rangi ya kijani, ilichimbwa katika milima ya Pachuca, kaskazini mashariki mwa mji. Kisha ncha moja ilikatwa, mara nyingine zote mbili, uboho ukatolewa, na mfupa ukasuguliwa hadi ukateleza mkononi. Ndipo chale zilipoanza. Fundi alichanja mkato mmoja kukingama mfupa, akachanja wa pili pembeni yake, wa tatu, akiangalia nafasi zilingane, mpaka upande mmoja wa paja ukawa na safu ya meno. Mkato ukizidi kina, mfupa unadhoofika. Mkato ukiwa wa juujuu mno, hautoi sauti ya maana.

Kifaa hicho kiliitwa omichicahuaztli, na kilikuwa ala ya muziki. Mpigaji alishika mfupa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapitisha juu ya meno yake kombe la baharini, kijiti kigumu au kipande kingine cha mfupa. Anayeijua sauti ya mbuzi ikikuna nazi jikoni hayuko mbali nayo, ila mkunaji huyu alifuata mapigo.

Watu wanaoisikia kwa mara ya kwanza huwa wanatarajia kitu cha kutisha. Wameambiwa kwamba ni mfupa wa mtu, tena wa mtu aliyetolewa kafara, na kichwani tayari wana filamu nzima ya damu na mayowe. Kinachotoka ni mkwaruzo mkavu, wa sauti ya chini, usiofika mbali. Ndiyo maana ala hii haikupigwa hewani tu: ilihitaji kitu chenye uwazi chini yake cha kuikuza sauti, kama kibuyu au fuvu la kichwa. Hata hapo haikuweza kushindana na ngoma ya kusimama iliyoitwa huehuetl, wala na teponaztli, gogo lililochongwa ndimi mbili na kupigwa kwa vijiti vyenye mpira kichwani. Ngoma hizo ziliitisha mji mzima. Mfupa ulikuwa wa kusikilizwa na waliokaribia.

Waliokaribia walikuwa nani? Hapo ndipo habari yenyewe ilipo, lakini kwanza tuwekane sawa kuhusu jina la watu hawa. Tumezoea kuwaita Waazteki, na jina hilo lilienea duniani katika karne ya 19 kupitia wasomi kama Mjerumani Alexander von Humboldt. Wenyewe walijiita Wamexica. Kwa hesabu yao waliujenga Tenochtitlan mwaka 1325 juu ya kisiwa cha ziwa Texcoco, wakiwa watu wa kuja, wasio na ardhi, wakidharauliwa na majirani. Ndani ya miaka mia mbili walikuwa wanakusanya ushuru kutoka pwani ya Atlantiki hadi ya Pasifiki. Mji ulianguka mikononi mwa Mhispania Hernán Cortés na maelfu ya washirika wake wenyeji tarehe 13 Agosti 1521, na jiji la Meksiko la leo limekalia mabaki yake.

Mmoja wa watu waliotuachia maelezo ya mfupa huu alikuwa mjukuu wa mfalme. Hernando de Alvarado Tezozomoc, ambaye mama yake alikuwa binti wa Moctezuma wa pili, aliandika historia ya jamaa zake kwa Kihispania mwishoni mwa karne ya 16, wakati wazee waliouona mji ukisimama walikuwa wamekwisha kufa karibu wote. Anapoeleza mazishi ya wapiganaji anaitaja ala hii kwa jina, na anasema ilitengenezwa kwa mfupa wa kulungu, ulio wazi ndani na uliochanjwa chale, wenye mlio wa huzuni. Kumbuka kulungu huyo, maana tutakutana naye tena. Wachimbaji wametoa ardhini mifupa ya wanyama iliyochanjwa namna hiyo, na wametoa pia mapaja ya watu.

Kwa hiyo ilikuwa ala ya matanga. Mazishi yenyewe ameyaeleza kwa kirefu mtawa Mdominiko Diego Durán, aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 1581. Vitabu vya Durán na Tezozomoc vinafanana mno, kiasi kwamba mwaka 1945 mwanahistoria Robert Barlow alitoa hoja kwamba wote wawili walinakili kutoka chanzo kimoja kilichopotea. Vita inayosimuliwa ni ile ya Chalco, wakati wa Moctezuma wa kwanza, aliyetawala kuanzia 1440 hadi 1469. Chalco haukuwa mji wa kuchezewa. Wamexica walipigana nao kwa miaka mingi, na safari moja walirudi nyumbani bila watu wengi wakubwa, ndugu wa mfalme wakiwamo.

Maiti za vitani mara nyingi hazikuletwa. Matanga yalianzia kwa wajane. Walitoka uwanjani wamebeba mabegani mavazi ya waume zao, nywele wamezifumua, wakajipanga safu, wakacheza kwa kufuata ngoma huku wakilia na kupiga makofi. Watoto walibeba mapambo ya masikio na ya midomo ya baba zao. Baada ya siku nne, kwa kuwa hapakuwa na maiti, waliunda sanamu za kuni za mti wenye utomvu, wakazivika nguo, wakazipaka rangi usoni, wakazipakulia chakula na kuzimiminia pombe, kisha wakazichoma moto zote. Hapo ikaanza eda ya siku 80. Katika siku hizo mjane hakuoga, hakunawa uso, hakuchana nywele. Machozi yalikauka juu ya vumbi, vumbi likakamata machozi mapya, hadi mashavu yakafanya utando mgumu.

Siku ya 80 ilipofika, mahekalu yalituma watu maalumu nyumba kwa nyumba. Walimkwangua kila mjane uchafu ule usoni, wakaufunga ndani ya karatasi, na makuhani wakaenda kuutupa nje ya mji. Huzuni ilikuwa imeondolewa kwa mkono, na kuanzia hapo mjane aliruhusiwa kunawa na kuishi.

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu kwa nini Wamexica walichagua ala ya kukwaruza kwa ajili ya kilio, na mengi yanahusu imani ya nguvu iliyomo ndani ya mifupa. Ni maelezo ya kweli, na nitayafikia. Lakini sidhani kama ni bahati tu kwamba watu waliokwangua machozi kutoka kwenye nyuso za wajane waliombolezea wafu wao kwa kukwangua mfupa.

Sasa tumuulizie mwenye paja.

Kwa habari hii tunamtegemea mtu mwingine, mtawa Mfransisko Bernardino de Sahagún. Kwa miongo kadhaa aliwakalisha wazee wa Kinahua na vijana wasomi wa chuo cha Tlatelolco, akawauliza juu ya kila kitu, kuanzia miungu hadi majina ya vyura, na majibu yao yakaandikwa kwa lugha yao ya Nahuatl. Kazi hiyo, yenye vitabu 12 na picha zaidi ya elfu mbili, ilikamilika karibu mwaka 1577 na sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Laurenziana mjini Florence. Sahagún hakuipenda dini aliyokuwa akiiandika. Alitaka kuijua kama tabibu anavyotaka kuujua ugonjwa, na maneno hayo ni yake mwenyewe kwa maana, si yangu. Hata hivyo aliwaacha wazee wazungumze, na ndani ya mazungumzo yao kuna mambo ambayo adui asingeweza kuyabuni.

Wanasimulia sikukuu ya mungu Xipe Totec iliyoitwa Tlacaxipehualiztli. Shujaa aliyeteka mtu vitani alikesha naye usiku wa kuamkia kafara, na katikati ya usiku akamkata nywele za utosini mbele ya moto, akazihifadhi. Mchana, mateka alifungwa kamba kwenye jiwe kubwa la mviringo, akapewa pombe na silaha: rungu ambalo badala ya ncha za obsidiani lilikuwa na manyoya. Wapiganaji wanne wenye silaha za kweli walimkabili mmoja mmoja. Alipoanguka, kuhani alimpasua kifua. Shujaa aliyemteka alipewa bakuli la damu, akazunguka nalo mahekaluni akizilowesha midomo sanamu za miungu.

Hadi hapo ni filamu ile ile ya damu. Lakini wazee wanaendelea. Mtekaji naye alipakwa chokaa na kubandikwa manyoya, sawasawa na mateka wake. Alimchukulia mateka kama mwanawe mpendwa, na mateka alimchukulia yeye kama baba. Nyama ya mateka ilipopikwa na jamaa wakagawiwa kila mmoja kipande kidogo, mtekaji hakuigusa, kwa sababu angekuwa anajila mwenyewe. Jamaa zake walimlaki kwa machozi. Walimlilia kwa kuwa hakufa pale, lakini siku moja angekwenda kufa vivyo hivyo, juu ya jiwe la watu wengine.

Siku za sikukuu zilipokwisha, mtekaji alisimika nguzo katikati ya ua wa nyumba yake, watu wote wajue kwamba hapa anakaa mtu aliyeteka. Juu yake alitundika mfupa wa paja la mateka. Haukutundikwa mtupu: ulivishwa koti lisilo na mikono, ukatiwa kishada cha manyoya ya korongo, ukafungwa karatasi na kinyago. Mfupa huo uliitwa malteotl, yaani mungu-mateka. Na alipoondoka tena kwenda vitani, mapaja ya aina hii yalibaki na mkewe, aliyeyafukizia uvumba akiomba mumewe arudi salama.

Tafakari hali ya mwanamke huyo kidogo. Mumewe yuko vitani, na anayemwombea dua ni adui ambaye mumewe mwenyewe alimpeleka kwenye kisu. Kwetu hilo ni jambo la ajabu, karibu kejeli. Kwake lilikuwa na mantiki kamili: mateka yule alikuwa ameshaingia katika ukoo. Alikuwa mtoto wa nyumba, na nguvu zake sasa zilikuwa za nyumba. Ninavyoona mimi, paja la uani na paja la chale ni ndugu. Wamexica hawakumfanya adui kuwa ala ya muziki ili wamdhihaki. Walimfanya jamaa kwanza, kisha wakamtaka awalilie wafu wao, kama jamaa anavyopaswa.

Imani kwamba nguvu za mtu hukaa katika viungo fulani vya mwili, na kwamba zinaweza kuchukuliwa, ilienea mbali zaidi ya mapaja ya mateka. Mwanamke aliyekufa akijifungua kwa mara ya kwanza alihesabiwa shujaa aliyeanguka vitani, na mwili wake ulikuwa hazina. Mkunga na wanawake wazee walioufuata ukienda kuzikwa walitembea na ngao na silaha mikononi, wakipiga mayowe, kwa sababu vijana wa jeshi waliwavizia njiani kwa vita ya kweli. Walichotaka ni nywele zake na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, wakavitie ndani ya ngao zao ili maadui wapofuke kwa hofu. Mumewe na marafiki zake walilinda kaburi usiku nne mfululizo.

Kulikuwa na wezi pia, na hawa ndio ninaowapenda kuliko wote katika kurasa za Sahagún. Wao walitafuta mkono wa kushoto wa marehemu huyo, kuanzia kiwiko hadi vidole. Wakiwa nao, walikwenda kwenye nyumba waliyoipania, wakaupiga chini uani na mlangoni, na inasemekana wenye nyumba waliganda: wengine walikoroma, wengine walikodoa macho bila kuweza kuinuka. Wezi wakaingia jikoni, wakala kwa nafasi, wakacheza na kuimba, kisha wakazoa kila kitu. Nguvu ile ile iliyompa askari ushindi ilimpa mwizi chakula cha usiku. Nguvu haikuwa na dini wala maadili. Ilikuwa ndani ya kiungo, na ilimtii aliyekishika.

Lakini mfupa ulikuwa na heshima ya pekee. Kucha na nywele zilikuwa na nguvu. Mfupa ulikuwa na asili. Simulizi iliyoandikwa kwa Nahuatl mwaka 1558, inayojulikana kama Hekaya ya Majua, inaeleza kwamba dunia ya sasa ilipoumbwa haikuwa na watu. Mungu Quetzalcoatl akashuka Mictlan, nchi ya wafu, kuomba mifupa ya watu wa dunia zilizotangulia. Mictlantecuhtli, bwana wa huko, alikubali kwa sharti: apige baragumu huku akizunguka nchi yake mara nne. Baragumu alilompa halikuwa na tundu. Quetzalcoatl akaita funza, wakalitoboa. Akaita nyuki, wakaingia ndani, na baragumu likalia.

Mictlantecuhtli akajuta, akaamuru lichimbwe shimo njiani. Quetzalcoatl, akikimbia na furushi lake, alishtuliwa na kware, akaanguka, mifupa ikatawanyika na kware wakaidonoa. Aliiokota vivyo hivyo imevunjika, akaifikisha mahali paitwapo Tamoanchan, na huko mungu mke Cihuacoatl akaisaga ndani ya bakuli la jedi. Quetzalcoatl akajichoma uume wake, akadondosha damu juu ya unga ule. Hapo wakazaliwa watu. Mtawa Gerónimo de Mendieta aliandika namna nyingine ya hadithi hii, ambamo aliyetumwa ni mungu Xolotl na mfupa ulivunjika vipande visivyolingana, na ndiyo sababu hadi leo kuna watu warefu na wafupi.

Kwa Mmexica, basi, mfupa haukuwa mabaki ya uhai. Ulikuwa mbegu yake. Tunapouona mfupa uliochongwa tunafikiri kifo kimepambwa; yeye alikuwa ameshika kitu ambacho kikisagwa na kutiwa damu kinatoa watu. Safari ya Mictlan nayo, tuzingatie, ilifunguliwa kwa ala ya muziki iliyokuwa bubu ikatobolewa ikalia, sawa na paja ambalo halisemi mpaka lichanjwe.

Picha iliyo bora kuliko zote ya mfupa huu ukipigwa haikuchorwa na Wamexica, bali na majirani zao Wamixteki wa Oaxaca, ndani ya kitabu cha ngozi ya kulungu cha kurasa 52 ambacho leo kipo Maktaba ya Taifa ya Austria mjini Vienna. Kitabu hicho kiliponea moto wa wamisionari kwa kuwa kilipelekwa Ulaya mapema. Katika ukurasa wa 24, Bwana 9 Upepo, ambaye kwa Wamixteki ana nafasi ya Quetzalcoatl, amekaa mbele ya miungu wengine walioshika uyoga mtakatifu. Mkononi ana fuvu. Juu ya fuvu kuna mfupa wenye chale, na anaukwaruza kwa mfupa wa bega. Mmoja wa wanaomsikiliza anadondosha machozi.

Ala hizi zilisafiri mbali. Jijini Rome, katika makumbusho ambayo kwa muda mrefu yaliitwa Pigorini, kuna paja la mtu lenye chale ambalo fundi hakuridhika kulichanja tu, akalitia na nakshi ya vipande vidogo vidogo. Linakaa jengo moja na vinyago vya feruzi kutoka Meksiko, vitu ambavyo mabwana wa Italia wa karne ya 16 na ya 17 walivikusanya katika vyumba vyao vya maajabu, karibu na meno ya papa na mayai ya mbuni.

Mkusanyiko mkubwa, hata hivyo, ulitoka Michoacán, nchi ya Wapurépecha, ambao Wamexica hawakuwaweza kamwe. Mfalme wa Wamexica, Axayacatl, alijaribu kuwavamia mwishoni mwa miaka ya 1470 akarudi na jeshi lililobomoka. Huko, karibu na mji wa Zacapu, mvumbuzi wa Kinorwe Carl Lumholtz alichimba makaburi katika miaka ya 1890 na kukuta mifupa 26 ya watu iliyochanjwa, mingi ikiwa ya mapaja. Mwaka 1898 yeye na daktari Aleš Hrdlička waliichapishia maelezo, na mwaka huo huo Mjerumani Eduard Seler naye akaandika makala juu ya mifupa ya kukwaruza ya Meksiko ya kale. Ghafla kitu kilichokuwa kikipita machoni mwa watu bila jina kikawa na jina.

Wanaoichunguza mifupa hii leo wanatumia hadubini kuliko masikio. Alama nyembamba zilizo sambamba, pale misuli inaposhika mfupa, ni za kisu kilichoondoa nyama. Mfupa uliochongwa ukiwa mbichi hukatika kwa kingo safi, tofauti na mkavu unaomeguka, na hilo husaidia kujua kama fundi alifanya kazi karibu na siku ya kifo au alifukua kaburi la zamani. Kisha kuna kulika. Meno ya katikati huwa yamelika kuliko ya pembeni, kwa sababu mkono wa mpigaji hupita katikati mara nyingi zaidi. Mfupa uliolika hivyo haukutengenezwa kwa ajili ya kuwekwa tu kaburini. Ulipigwa, na ukapigwa tena, katika vilio vingi.

Hapa inafaa kusema neno juu ya ushahidi wa kafara kwa jumla, maana wapo wanaodai kwamba yote ni uzushi wa Wahispania. Wahispania walikuwa na kila sababu ya kutia chumvi, na walitia. Askari wa Cortés aitwaye Andrés de Tapia alidai kwamba mahali pa kutundikia mafuvu mbele ya Hekalu Kuu palikuwa na mafuvu 136,000, mbali na yale ya minara yake. Tangu mwaka 2015 wanaakiolojia wa taasisi ya taifa ya INAH wamekuwa wakiuchimba mmoja wa minara hiyo nyuma ya kanisa kuu la jiji, na walichopata hadi kufikia mwishoni mwa 2020 ni mafuvu zaidi ya 600, yakiwamo ya wanawake na watoto. Tapia alitudanganya idadi. Kuhusu mnara hakudanganya.

Nimemtaja Lumholtz kwa haraka, nami sitaki kumwacha bado, kwa sababu alikuwa na bahati ambayo wachimbaji wengi hawana. Kabla ya Zacapu alikuwa ameishi kwa miaka na Wararámuri wa milima ya Chihuahua, na kisha na Wahuichol wa Jalisco. Ala hii alikuwa ameiona ikipigwa na watu hai. Kwa Wahuichol aliikuta ya mfupa wa kulungu, ikitumika katika nyimbo za kuwinda kulungu huyo huyo. Kwa Wararámuri ilikuwa kijiti chenye chale. Mganga alikaa chini, akafudikiza kibuyu, akaegemeza kijiti chake juu yake na kukwaruza usiku kucha ili kuponya wagonjwa. Chini ya kibuyu aliweka peyote, ule mmea mtakatifu wa jangwani, kwa kuwa mmea hupenda muziki.

Mambo hayo hayajafa. Wararámuri bado wana ibada hiyo, na majirani zao wakiitaja kwa Kihispania huiita raspa, mkwaruzo. Wayaqui wa Sonora na wa Arizona wana vijiti vyao vya mti mgumu ambavyo hulia juu ya kibuyu wakati wa ngoma ya kulungu, na wanasema mkwaruzo ule ni pumzi ya kulungu, kama vile ngoma ya maji inayopigwa pembeni ni moyo wake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita omichicahuaztli ala ya kafara. Mifupa yenye chale ilikwaruzwa Meksiko karne nyingi kabla ya Mmexica wa kwanza kukanyaga kisiwa chake, na ala hiyo inakwaruzwa hata sasa, miaka 500 baada ya mji wake kuchomwa, na watu ambao hawajawahi kuwa na hekalu la kupasulia kifua cha mtu. Kulungu alitosha. Mti ulitosha. Aliyehitaji paja la mateka ni dola iliyoishi kwa vita, iliyompandisha kijana cheo kwa idadi ya watu aliowaleta wakiwa hai, na iliyokuwa na wajane wengi wa kufariji kila jeshi liliporudi. Dola ile iliichukua ala ya wawindaji na waganga, ikaitia katika matanga yake, na ikaipa mfupa iliokuwa nao kwa wingi.